Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu viambato vya unga wa sheki ya mlo

Nilianza kusoma lebo kwa sababu ya baba. Ana kisukari, na siku moja nilimletea kopo la unga wa sheki lililoandikwa mbele, kwa herufi kubwa, kwamba halina sukari iliyoongezwa. Akainywa asubuhi badala ya kifungua kinywa. Alipojipima saa moja baadaye, sukari ya damu ilikuwa juu kuliko siku ambazo alikula chakula cha kawaida. Hapo ndipo nilipogeuza kopo na kusoma upande wa nyuma, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kulipa. Tangu siku hiyo ndugu na marafiki wananiletea makopo yao, na haya ndiyo wanayoniuliza.

Sheki ya mlo ni kitu gani hasa? Si sawa na unga wa protini?

Si sawa, na wengi huumia kwa kuvichanganya hivi viwili. Unga wa protini ni nyongeza tu: kipimo kimoja huwa na kama kalori 120, gramu 20 hadi 25 za protini, na karibu hakuna kingine. Sheki ya mlo inadai kukaa mahali pa sahani nzima. Kwa hiyo inapaswa kuleta nishati, protini, mafuta, wanga, nyuzinyuzi, vitamini na madini.

Dai hilo lina vipimo vyake. Codex Alimentarius, chombo cha viwango vya chakula kilicho chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya Duniani, kilitoa mwaka 1991 kiwango cha vyakula vya kupunguza uzito. Kinasema mlo mmoja wa namna hii uwe na kalori 200 hadi 400, protini itoe kati ya asilimia 25 na 50 ya nishati hiyo, na mafuta yasitoe zaidi ya asilimia 30. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulikaza kamba zaidi: sheki inayotaka kujitangaza kuwa inasaidia kupunguza uzito kwa kuchukua nafasi ya mlo iwe na kalori 200 hadi 250, pamoja na angalau asilimia 30 ya kiasi cha rejea cha siku kwa sehemu kubwa ya vitamini na madini.

Unaweza kupima kopo lako mwenyewe. Gramu moja ya protini ina kalori 4, ya wanga 4, ya mafuta 9. Tuseme kipimo kina kalori 220 na gramu 18 za protini: 18 mara 4 ni 72, karibu theluthi ya nishati yote. Kimefaulu. Kama kina gramu 8 tu, hizo ni kalori 32, kama asilimia 15. Hicho ni kinywaji kitamu kilichotiwa vitamini, na njaa itakurudia kabla ya saa ya mlo unaofuata.

Orodha ya viambato ni ndefu. Nianzie wapi?

Anzia juu. Katika nchi nyingi sheria inataka viambato viandikwe kwa kufuata uzito, kizito kikitangulia. Vitatu vya mwanzo kwa kawaida ndivyo vinavyojaza sehemu kubwa ya kopo, na mimi huvisoma kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha tafuta chumvi au mchanganyiko wa vitamini unapotajwa. Vitu hivyo huwekwa kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo kila kinachokuja baada yake ni kidogo zaidi. Kopo linaweza kuwa na picha ya matunda, mboga za kijani na mbegu za chia, halafu ukavikuta vyote vimejipanga nyuma ya chumvi. Maana yake umenunua picha.

Angalia pia sukari iliyogawanywa. Mtengenezaji akitumia sukari, dekstrosi, fruktosi na sirapu ya glukosi, kila moja kwa kiasi chake, hakuna hata moja itakayokaa kileleni, ingawa kwa pamoja zingeweza kuongoza orodha. Jedwali la virutubisho halina nafasi ya ujanja huo, kwani sukari zote hujumlishwa kwenye mstari mmoja.

Kuna wei, kaseini, soya, njegere, mchele. Protini ipi ni bora?

Protini ya maziwa ya ng'ombe ni kama asilimia 80 kaseini na asilimia 20 wei. Wei, ambayo kwenye makopo huandikwa whey, ni protini ya yale majimaji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini. Humeng'enywa haraka. Kaseini huganda tumboni na kuachiliwa polepole, ndiyo maana watengenezaji wengi huzitia zote mbili. Zote zina asidi amino, yaani vipande vinavyoijenga protini, zote tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea.

Soya nayo inazo zote kwa kiasi kizuri. Njegere ina upungufu wa methionini, mchele una upungufu wa lisini. Vikichanganywa, kimoja huziba pengo la kingine. Kwa hiyo unga wa mimea wenye njegere na mchele pamoja ni chaguo la heshima kabisa kwa asiyetumia maziwa. Unga wenye protini ya mchele peke yake siuchukui kama mlo.

Kuna moja ambayo naomba uitazame kwa makini: kolajeni. Inauzwa sana kwa ajili ya ngozi na viungo, na gramu zake huhesabiwa kwenye mstari wa protini kama zile nyingine. Lakini kolajeni haina kabisa triptofani, moja ya zile asidi amino tisa. Katika miaka ya 1970 nchini Marekani vilienea vinywaji vya protini vilivyotengenezwa kwa kolajeni na jelatini, na watu wakavitumia kwa wiki nyingi kama chakula chao pekee. Makumi walikufa, wengi kwa mapigo ya moyo kuvurugika, na mamlaka za afya zikalazimika kutoa maonyo. Kolajeni kidogo ndani ya mlo kamili haina tatizo. Kolajeni ikiwa ndiyo protini ya kwanza kwenye orodha ya kitu kinachojiita mlo, rudisha kopo rafuni.

Je, gramu za protini zilizoandikwa zinaweza kudanganya?

Zinaweza. Njia iliyozoeleka ya kupima protini haipimi protini yenyewe, inapima nitrojeni. Mkemia Johan Kjeldahl wa Denmark aliichapisha mwaka 1883, na hadi leo maabara hupata kiasi cha nitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25 au namba inayokaribiana nayo. Chochote chenye nitrojeni huhesabika. Ndiyo njia iliyowapa mwanya waliotia melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, kwenye maziwa nchini China, kashfa iliyolipuka mwaka 2008 na kuwaumiza figo watoto wachanga wengi.

Kwenye unga wa sheki mchezo huo huchezwa kwa upole zaidi: huongezwa asidi amino za bei nafuu kama glisini, au taurini. Si sumu, lakini zinapandisha namba ya protini bila kuleta kazi ya protini kamili. Ukiziona zimetajwa karibu na mwanzo wa orodha, punguza imani yako kwa ile namba ya mbele.

Maltodekstrini ni nini, na kwa nini inaonekana karibu kila mahali?

Hiki ndicho kilichokuwa kiambato cha kwanza kwenye kopo la baba.

Maltodekstrini ni wanga, aghalabu wa mahindi, uliokatwakatwa kuwa minyororo mifupi ya glukosi. Ni unga mweupe, mwepesi, una utamu kidogo sana, unayeyuka vizuri, unaifanya sheki kuwa nzito mdomoni, na ni rahisi kuzalisha. Kwa mwenye kiwanda ni baraka. Mwilini, vimeng'enya huivunja kwa haraka sana na glukosi yake huingia kwenye damu kwa kasi inayokaribia ya glukosi yenyewe. Hata hivyo kwa kuwa minyororo yake ni mirefu kuliko ile inayoitwa sukari kisheria, sehemu kubwa yake haihesabiki kwenye mstari wa sukari. Mtu anaweza kuandika kwamba hakuna sukari iliyoongezwa, akawa hajavunja sheria, na mgonjwa wa kisukari akaumia vilevile.

Kwa hiyo usiishie kwenye mstari wa sukari. Soma jumla ya wanga kwa kipimo kimoja, kisha uone unatoka wapi. Wanga wa unga wa oti huja na nyuzinyuzi zake na huingia kwenye damu polepole zaidi. Isomaltulosi, ingawa ni sukari, nayo humeng'enywa taratibu. Wanga ukiwa umetoka kwenye maltodekstrini, dekstrosi au sirapu ya glukosi, uhesabu kama sukari, hata kama lebo haikufanya hivyo.

Sisemi maltodekstrini ni mbaya kwa kila mtu. Mkimbiaji wa mbio ndefu huihitaji. Mgonjwa aliyekonda asiyeweza kula huongezewa kalori kwayo hospitalini. Ila kwa anayetafuta kushiba au kudhibiti sukari ya damu, ikikaa kileleni mwa orodha inafanya kinyume cha alichokusudia.

Na mafuta? Si nilikuwa nayakimbia?

Usiyakimbie yote. Vitamini A, D, E na K hufyonzwa kwa msaada wa mafuta, na mwili unahitaji asidi mafuta ambazo haujitengenezei, ikiwemo linoleiki, ambayo kanuni ya Ulaya inataka iwe angalau gramu 1 katika kila kipimo. Unga wa mafuta ya alizeti, kanola au mbegu za kitani unafaa. Kinachopaswa kukurudisha nyuma ni maneno "mafuta yaliyohaidrojenishwa kwa sehemu", kwani ndiyo chanzo kikuu cha mafuta ya transi viwandani, yale yanayodhuru moyo.

Kwa nini tumbo linajaa gesi kila nikinywa?

Mara nyingi ni inulini. Hii ni nyuzinyuzi inayotolewa kwenye mizizi ya chikori, na lebo nyingine huiandika kama nyuzi za mizizi ya chikori. Haimeng'enywi kwenye utumbo mwembamba. Inafika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaila, na gesi ni matokeo ya karamu yao. Kwa wengi ni jambo la siku chache. Anza na nusu kipimo kwa wiki moja, kunywa maji ya kutosha, kisha ongeza. Mwenye tumbo nyeti anaweza kutafuta unga usio na inulini kabisa.

Washukiwa wengine ni laktosi, yaani sukari ya maziwa, na sukari-alkoholi, kama maltitoli. Wei iliyokolezwa bado ina laktosi. Wei iliyotengwa, ambayo huwa na protini asilimia 90 au zaidi, imebakiwa na kidogo sana. Aliye na mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine: huyo asiguse wei ya aina yoyote.

Vitamu visivyo sukari ni salama?

Kwa viwango vilivyowekwa, mamlaka za chakula zinasema ndiyo, na ni vizuri kuviona viwango vyenyewe. Sukralosi, E955 (hiyo ni namba yake ya kiongezwa kwenye lebo), ni tamu kama mara 600 kuliko sukari, hivyo kiasi kinachotiwa ni miligramu chache tu. Kamati ya pamoja ya FAO na Shirika la Afya Duniani inaruhusu hadi miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni 900. Aspatemu, E951, ni miligramu 40 kwa kilo. Stivia, E960a, ni miligramu 4 kwa kilo, zikihesabiwa kama stevioli, kiini cha stivia.

Julai 2023 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka aspatemu kwenye kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni mdogo. Wakati huohuo, ile kamati ya chakula iliacha kiwango cha miligramu 40 bila kukibadili. Kundi 2B linaeleza uzito wa ushahidi, halielezi ukubwa wa hatari. Wenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria ndio wanaopaswa kuiepuka kabisa, na lebo za vyakula vyenye aspatemu hubeba onyo lao.

Jambo linalonigusa zaidi ni lile la Mei 2023: Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu hivi kama njia ya kudhibiti uzito, kwa sababu havikuonyesha faida ya muda mrefu katika kupunguza mafuta ya mwili. Ushauri huo haukuwahusu ambao tayari wana kisukari. Mtazamo wangu ni kwamba sheki tamu kupita kiasi, hata kama haina kalori za utamu huo, inauzoesha ulimi kudai utamu kila mlo. Nikiwa na makopo mawili yanayolingana kwa mengine yote, nachukua lisilo tamu sana.

Gamu ya zanthani, lesithini, dioksidi ya silikoni: hizi ni kemikali za kuogopa?

Hapana. Zanthani, E415, hutengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa bakteria na kazi yake ni kukifanya kinywaji kiwe kizito. Gamu ya guari, E412, inatoka kwenye mbegu za mmea wa jamii ya kunde. Lesithini ya soya au alizeti, E322, husaidia unga na maji vikubaliane bila mabonge. Dioksidi ya silikoni, E551, huzuia unga usishikane ndani ya kopo. Zote hutiwa kwa kiasi kidogo.

Na yale majina marefu mwishoni?

Mengi ni vitamini na madini yaliyovaa majina yao rasmi. Asidi askobiki ni vitamini C. Kolekalsiferoli ni D3. Piridoksini hidrokloridi ni B6. Sianokobalamini ni B12. Asetati ya tokoferili ni E. Fumarati ya feri ni chuma.

Kinachohitaji uangalifu ni kurundika. Ukinywa sheki mbili zenye asilimia 30 kila moja, ukala mlo mmoja wa kawaida, huhitaji tena vidonge vya vitamini juu yake. Vitamini A ya aina ya retinoli ina kikomo cha mikrogramu 3,000 kwa siku kwa mtu mzima, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mjamzito apeleke kopo kliniki kabla ya kulifungua.

Natumia dawa. Kuna shida?

Inawezekana, na hapa naomba usibahatishe. Kalsiamu na chuma vilivyomo kwenye sheki hushikamana na levothiroksini, dawa ya tezi, na kuizuia kufyonzwa. Kwa kawaida hushauriwa vitenganishwe kwa saa 4. Hufanya vivyo hivyo kwa antibiotiki za tetrasiklini na siprofloksasini. Vitamini K hupunguza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hivyo anayeitumia asianze wala kuacha sheki ghafla bila kumwambia daktari wake. Mwenye ugonjwa wa figo anapaswa kuhesabu protini, potasiamu na fosforasi. Na mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyoishusha sukari, akibadili mlo bila kurekebisha dawa anaweza kushuka sukari hadi kuzimia.

Lebo inasema "mchanganyiko maalumu wa kuyeyusha mafuta" bila kutaja kiasi. Niamini?

Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Jina la jumla linataja mimea kumi na kuficha kiasi cha kila mmoja, na kiasi ndicho chenye madhara au faida. Chukua dondoo la chai ya kijani: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba katekini yake kuu, kemikali ya asili ya majani hayo, ikifika miligramu 800 au zaidi kwa siku kutoka kwenye virutubisho vya nyongeza, inahusishwa na dalili za awali za madhara kwenye ini. Bila kiasi kuandikwa, utajuaje umefika wapi?

Kibaya zaidi ni kile kisichoandikwa kabisa. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini wakaguzi wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza uzito. Unga ukikunyima usingizi, ukakukausha mdomo na kuufanya moyo upige mbio, acha siku hiyohiyo na uende nao hospitali.

Nichanganye na maji au maziwa?

Angalia kwanza jedwali limehesabiwa kwa kipi. Makopo mengine huonyesha protini na kalori za unga pamoja na maziwa, kisha mtu anachanganya na maji na kukosa sehemu ya kile alichodhani amenunua. Mililita 250 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta huongeza kama kalori 160 na gramu 8 za protini. Ukilinganisha makopo mawili, tumia safu ya gramu 100, kwa sababu kijiko cha kopo moja si sawa na cha lingine.

Ni kweli kuna madini ya risasi kwenye baadhi ya unga?

Ni kweli. Mimea hunyonya metali kutoka ardhini, risasi ikiwemo. Kakao inaweza kubeba kadimiamu, mchele unaweza kubeba aseniki. Kwa hiyo unga wa mimea wenye ladha ya chokoleti, unaotumiwa kila siku, ndio ninaoutakia cheti cha maabara huru. Kampuni makini huyatoa matokeo yake ukiyaomba.

Naweza kuishi kwa sheki peke yake?

Imefanyika, ila chini ya uangalizi. Katika utafiti wa DiRECT nchini Uingereza, uliotoa matokeo yake ya kwanza mwishoni mwa 2017, watu wenye kisukari cha aina ya pili walitumia kalori 825 hadi 853 kwa siku za sheki na supu maalumu kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka, asilimia 46 kisukari chao kilikuwa kimetulia bila dawa. Lakini dawa zao zilisimamishwa na wataalamu, shinikizo la damu likafuatiliwa, na walirudishwa kwenye chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Kopo ulilonunua mwenyewe halina muuguzi ndani yake.

Baba yako anatumia ipi sasa?

Huniuliza jina, nami huwasomea lebo. Kiambato cha kwanza ni protini ya njegere, cha pili unga wa oti, cha tatu unga wa mafuta ya alizeti. Kalori 230, protini gramu 20, wanga gramu 16, nyuzinyuzi gramu 7. Maltodekstrini haimo. Anainywa mara moja kwa siku, siku za kazi tu, baada ya daktari wake kuisoma lebo ile na kumpunguzia dozi ya asubuhi. Saa mbili baadaye anajipima, na namba anaiandika kwenye daftari.